Matundu ya Kutu kwenye Sakafu ya Beetle: Mwongozo Kamili wa Kukata na Kuchomelea Upya

Ukiinua kapeti la Volkswagen Beetle iliyoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi unakutana na lami iliyopakwa nene, na ukiikwangua lami hiyo unakuta kwamba bati lililokuwa chini yake limekwisha. Aliyepaka hakuwa na nia mbaya. Aliona tundu la ukubwa wa sarafu, akaweka fibaglasi au kipande cha bati la kuezekea, akafunika kwa lami, na maji yakaacha kuingia ndani. Lakini yalikuwa yamepata makazi mapya kati ya kiraka na bati la zamani, mahali pasipo na hewa wala jua. Masika mawili matatu yakipita, tundu la sarafu linakuwa la sahani.

Mwongozo huu ni wa matundu madogo, kabla mambo hayajafika huko. Nimechukua Volkswagen Beetle kwa sababu sakafu yake iko wazi, ni rahisi kuielewa, na kutu yake ina tabia zinazojulikana. Mwenye Peugeot 504, Datsun 1200 au Corolla ya zamani naye atafaidika, ila akumbuke kwamba kwenye magari hayo sakafu na bodi vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, kwa hiyo kila unachokata kinagusa nguvu ya gari zima.

Msimamo wangu ni huu, na kila hatua hapa chini inatokana nao: tundu la kutu haliponi kwa kufunikwa. Linapona likikatwa mpaka kwenye chuma kizima, likajazwa chuma kipya, na pande zote mbili zikalindwa, ya juu na ya chini.

Sakafu yenyewe ilivyo

Katikati ya Beetle kuna tuta la chuma linalotoka mbele hadi nyuma. Ndani yake zinapita waya za klachi, za pedali ya mafuta na za hita, pamoja na bomba la petroli linalotoka kwenye tangi mbele kwenda kwenye injini nyuma. Kushoto na kulia kwa tuta hilo yamechomelewa mabati mawili mapana, na hayo ndiyo sakafu unayokanyaga. Bodi imekaa juu ya yote hayo, imefungwa kwa bolti kandokando, na kati ya bodi na sakafu kuna ukanda wa mpira. Muundo huo ndio uliobeba Beetle zilizoshinda Safari Rally mwaka 1953, mwaka wa kwanza wa mashindano hayo, na tena 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara za vumbi na tope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Sakafu nzima isiyo na kutu ni kitu imara sana, na inastahili kurekebishwa kwa heshima.

Kutu hupenda sehemu nne. Ya kwanza ni chini ya betri, kwa kuwa betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi inayovuja hula bati hilo moja kwa moja. Ya pili ni miguuni mbele, maji yanakotuama chini ya kapeti. Ya tatu ni ukingo wa nje, sakafu inapokutana na kizingiti cha mlango. Ya nne ni kuzunguka reli za viti vya mbele.

Tafuta maji kabla ya kutafuta fundi

Sakafu haiozi bila sababu. Kuna mahali maji yanaingia, na usipopaziba kwanza, utafanya kazi nzuri kisha utaikuta imeanza kuoza tena.

Toa kapeti na viti. Tandaza magazeti makavu sakafuni. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira wa bomba, taratibu, akianzia chini na kupanda juu: milango kwanza, kisha vioo vya pembeni, kisha kioo cha mbele na cha nyuma, mwisho boneti. Usinyunyize gari zima kwa mara moja, hutajua maji yametokea wapi. Magazeti yataonyesha mahali palipolowa kwanza.

Kwenye Beetle, mara nyingi mkosaji ni mlango. Maji hushuka ndani ya mlango kupitia mpira wa kioo, na yanatakiwa yatoke kwa vijitundu vilivyo ukingoni chini. Vijitundu hivyo vikizibwa na vumbi au rangi ya kupakiwa upya, maji hupanda na kumwagikia ndani. Vizibue kwa waya. Nyuma ya kitambaa cha mlango pawe na nailoni iliyobandikwa vizuri. Mpira wa kioo cha mbele ukishakuwa mgumu na wenye nyufa, nunua mpya. Kuujaza silikoni ni kujiongezea kazi, maana siku ya kuutoa itabidi uikwangue silikoni yote. Angalia pia magurudumu yanaporushia maji chini ya sakafu, na ukanda wa mpira kati ya bodi na sakafu.

Je, tundu lako ni dogo kweli?

Kutu hula kama mchwa: nje rangi imesimama, ndani hakuna kitu. Kwa hiyo usiamini macho. Chukua bisibisi nene yenye ncha butu, ubonyeze kila sehemu ya sakafu kwa nguvu ya mkono. Chuma kizima kitakataa. Kilichooza kitalia kama biskuti na bisibisi itapenya. Gonga pia kwa nyundo ndogo: bati zima hutoa mlio mkali, bovu hutoa mlio mzito uliokufa. Pita na sumaku. Isiponata, hapo chini pana fibaglasi au puti ya mtu mwingine, na itabidi itoke yote.

Kila unapopenya, zungushia chaki. Ukimaliza, simama uangalie ramani uliyoichora. Kama kuna maeneo mawili matatu, kila moja si kubwa kuliko kiganja, na yako katikati ya bati, hiyo ni kazi ya viraka na unaweza kuendelea. Kama chaki imegusa reli za viti, mahali mkanda wa usalama unapofungwa, mstari wa bolti za bodi, au mahali bati linapoungana na tuta, usitie viraka. Mabati mapya ya nusu sakafu bado yanatengenezwa, ya kushoto na ya kulia, na kubadilisha nusu nzima ni haraka na ni salama kuliko kuunganisha viraka kumi vinavyogusana. Ukiona tuta lenyewe limeoza, au kizingiti kimekuwa laini, hiyo ni kazi ya fundi bodi mwenye uzoefu, tena akiwa ameikaza bodi isipinde.

Moto ndiyo hatari kubwa

Watu huogopa mwanga wa kuchomelea na kusahau petroli. Kwenye Beetle bomba la petroli limo ndani ya lile tuta, sentimita chache kutoka utakapochomelea, na tangi liko mbele, juu kidogo ya miguu ya dereva. Toa petroli yote, shusha tangi, ulipeleke mbali na karakana, kisha uzibe ncha zote mbili za bomba. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu linalolipuka ni mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa kwenye shimo la fundi. Usichomelee gari likiwa juu ya shimo hilo.

Toa betri kabisa, waya wa hasi kwanza. Toa viti vyote, kapeti, na zile karatasi za lami zilizobandikwa kiwandani kuzuia kelele. Zikwangue kwa patasi pana. Zikiwa ngumu zipashe moto kidogo kwa hita ya hewa, lakini usitumie mwali. Karatasi hizo hushika moto upande wa pili wakati wewe unaangalia upande huu. Pita chini ya gari pia, ukwangue lami yote kwa upana wa kiganja kuzunguka kila tundu. Angalia bomba la breki ya nyuma linakopita kandokando ya tuta. Kama liko karibu, lisogeze au lifunike kwa bati.

Weka ndoo ya maji na kizimamoto pembeni, na mtu wa pili anayeangalia upande usiouona. Ukimaliza kuchomelea, kaa na gari nusu saa nzima kabla ya kufunga karakana.

Mambo mawili mengine, kwa sababu huwa hayasemwi. Usisafishe chuma kwa kisafisha breki chenye klorini kisha ukachomelea: joto na mwanga wa kuchomelea huigeuza klorini hiyo kuwa fosijini, gesi ya sumu kali inayoweza kuua. Tumia asetoni au thina, iache ikauke kabisa, chombo kikiwa nje. La pili, usitumie bati lenye zinki. Nitalirudia hapo mbele.

Kuinua gari: usitegemee mahali pa jeki pa kiwandani, maana pamechomelewa kwenye ukingo uleule unaooza. Weka stendi za chuma chini ya mabomba ya ekseli ya mbele, na nyuma chini ya lile bomba nene la springi linalokatiza gari kwa upana. Weka kabari. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kama ni upande wa betri, ondoa asidi kwanza

Chuma kilichonyonya asidi ya betri kitaendelea kuliwa hata ukikipaka rangi nzuri kiasi gani. Changanya vijiko vichache vya bakingi soda katika lita moja ya maji, umwage polepole. Itachemka povu. Endelea mpaka povu liishe, suuza kwa maji mengi, kausha. Kama huna bakingi soda, magadi ya kulainishia maharage yanafanya kazi ileile, kwa kuwa nayo ni alkali. Fika mpaka kwenye mikunjo na chini ya ukingo, maana asidi husafiri. Vaa glavu na miwani.

Kukata

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa huruma. Mtu anaogopa kukuza tundu, anakata kidogo tu, kisha anajaribu kuchomelea kwenye bati lililobaki nusu ya unene wake. Linayeyuka. Tundu linakimbia mbele ya mashine. Anakata tena, kidogo tena.

Safisha kwa brashi ya waya ya drili au diski ya msasa ya grenda mpaka uone chuma kinachong'aa pande zote za tundu. Uking'arisha, utaona vishimo vidogo vyeusi kama chunusi. Hapo chuma kimeshapungua. Endelea kwenda nje mpaka vishimo viishe, kisha ongeza sentimita moja. Mstari wako wa kukata uko hapo. Mara nyingi tundu la milimita 10 linadai dirisha la sentimita 6 au 7. Usishangae, na usibishane nalo.

Kata kwa diski nyembamba ya milimita 1, au kwa mkasi wa bati ukianzia tundu la drili. Fanya umbo rahisi, la mraba au mstatili, lakini pembe zake zizungushe. Pembe kali hukusanya joto wakati wa kuchomelea na hukusanya mvutano baadaye, na ufa huanzia hapo. Kama kuna matundu mawili yaliyo karibu kiasi kwamba kati yake panabaki bati la upana wa vidole viwili, yakate pamoja liwe dirisha moja.

Kabla ya kukata, lala chini uangalie kuna nini upande wa pili. Grenda haichagui.

Ukishakata, nyoosha kingo kwa nyundo na kipande cha chuma upande wa chini, zilale sawa. Ng'arisha upana wa sentimita 2 juu na chini. Vishimo vya kutu vilivyobaki mbali na mstari, mahali pasipochomelewa, vipake kigeuza kutu. Kipo cha asidi ya fosforiki na kipo cha tanini. Vyote viwili hubadili kutu iliyobaki iwe ukoko mgumu. Lakini vinasaidia kutu nyembamba tu iliyoshikamana na chuma. Kutu yenye magamba haigeuki, hukwanguliwa. Na usikipake mahali utakapochomelea.

Bati la kiraka

Bati la sakafu lina unene wa karibu milimita 1. Omba shiti ya chuma cha kawaida, isiyo na zinki, ya geji 18 au 20: geji 18 ni milimita 1.2, geji 20 ni milimita 0.9. Kwa anayejifunza napendekeza geji 18, inavumilia joto zaidi. Mtaa wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, utapata vipande vilivyobaki, na fundi wengi wa madirisha na mageti wana mabaki wanayouza kwa bei ya chini.

Bati la kuezekea, hapana. Kwanza ni jembamba mno, mengi hayafiki nusu milimita. Pili lina zinki. Ukilichomelea, zinki hugeuka moshi mweupe, na anayevuta moshi huo anaweza kuanza kutetemeka na kupata homa saa chache baadaye, akadhani ni malaria. Tena zinki huacha mapovu ndani ya weldi, kwa hiyo hata kiungo chenyewe hakishiki vizuri.

Chukua karatasi ngumu, boksi la viatu linatosha, uibonyeze juu ya dirisha ulilokata na upitishe kidole ukingoni ili alama ibaki. Kata karatasi hiyo, ijaribu, irekebishe mpaka iingie sawasawa. Ndipo uihamishie kwenye bati. Kiraka kinachokaa vizuri kinabaki na nafasi ya milimita 1 pande zote, isiyozidi hapo. Nafasi hiyo inaruhusu weldi kupenya hadi chini. Ikiwa kubwa, utakuwa unajaza hewa.

Sakafu ya Beetle ina mifereji iliyobonyezwa kiwandani, na haikuwekwa kwa urembo: ndiyo inayozuia bati kutetema. Kiraka chako kikikatiza mfereji, uige. Laza bati juu ya mbao mbili zilizoachana kwa upana wa mfereji, weka nondo ya milimita 10 au 12 juu yake, gonga kwa nyundo kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi. Ukigonga sehemu moja kwa nguvu, bati lote litajikunja. Bonyeza mfereji kwanza, kisha ndiyo ukate kipimo cha mwisho, kwa sababu kubonyeza hulivuta bati na kulifupisha.

Kuchomelea

Mashine inayofaa hapa ni ya MIG, ile inayosukuma waya wa kuchomelea yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Anza na ampea 30 hadi 50. Mashine zisizotumia gesi, zenye waya wa unga (waya wenye unga ndani yake), zinafanya kazi pia, ila zina joto zaidi na hurusha cheche nyingi. Ukitumia waya wa unga, hakikisha tochi ya kuchomelea iko kwenye hasi na klampu kwenye chanya, kinyume cha waya wa gesi. Watu wengi huilaumu mashine kumbe nyaya zimekaa kinyume.

Mashine ya vijiti ya fundi mageti, yenye kijiti cha milimita 2.5, itakutobolea kila unapogusa. Wapo mafundi wa jua kali wanaoweza kuitumia kwenye bati la gari kwa kijiti chembamba cha milimita 1.6 au 2, kwa kugusa na kuinua, na nawavulia kofia. Lakini ustadi huo hautokani na kusoma. Gesi ya oksijeni na asetilini ilikuwa zana ya mafundi bodi wa zamani na weldi yake ni laini, inagongeka vizuri kwa nyundo. Tatizo ni kwamba inapasha moto eneo kubwa, na kwenye sakafu tambarare bati hujikunja.

Kwanza fanya mazoezi kwenye mabaki ya bati lilelile. Unganisha vipande viwili, kisha uvikunje kwenye jiliwa. Bati likipinda na weldi ikabaki, mashine imekaa sawa. Weldi ikibanduka kama gundi, ongeza joto. Geuza uangalie chini: panapaswa kuonekana mstari uliopenya.

Funga klampu ya mashine kwenye chuma kilichong'arishwa, karibu kabisa na unapofanyia kazi, ili umeme usipite kwenye beringi au waya za gari. Shikilia kiraka kwa sumaku mahali pake, kiwe sawa na bati la zamani, kisha tia nukta moja ya weldi kila pembe. Toa sumaku. Angalia usawa. Kikizama, kiinue sasa kwa bisibisi, baadaye hutaweza.

Kisha endelea kwa nukta tu. Usivute mstari mrefu. Tia nukta katikati ya upande mmoja, nenda upande wa pili mkabala, kisha kushoto, kisha kulia. Kati ya nukta na nukta acha sentimita 2 au 3, na ukimaliza mzunguko subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kiraka bila kukiondoa. Ndipo uanze mzunguko wa pili, ukitia nukta kati ya zile za kwanza, na wa tatu, mpaka zishikane. Usilipoze kwa kitambaa chenye maji. Chuma hupata mshtuko, na unarudisha unyevu pale ulipotoka kuukausha. Subira hii ndiyo tofauti kati ya sakafu tambarare na sakafu inayobonyea ukikanyaga, ikitoa mlio wa debe. Weldi ikipoa husinyaa, na kuigonga taratibu kwa nyundo huku umeshika chuma kizito chini yake hulirudisha bati katika upana wake.

Mahali panapotaka kutoboka, weka shaba nyuma. Bomba la shaba la friji, lililobondwa likawa bapa na kupindwa liwe na mpini, linatosha. Shaba hunyonya joto na weldi haishiki juu yake, kwa hiyo unajaza tundu kisha unaitoa ikiwa safi. Njia hiyohiyo inafaa kwa vitundu vya skrubu vya milimita 3 au 4 vilivyo kwenye bati zima, kama vile ambavyo mtu aliwahi kufungia spika. Vijaze kwa weldi, hakuna haja ya kiraka. Lakini kitundu cha kutu cha ukubwa huohuo hakijazwi hivyo, kwa sababu kandokando yake chuma kimekonda.

Je, kiraka kinaweza kulazwa juu ya bati la zamani kwa kupishana? Kinaweza, na ni rahisi zaidi. Mimi sipendi, kwa kuwa mahali panapopishana panabaki mfuko wa kutunza maji. Kama huna budi, kipishane kwa sentimita 1 tu, paka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) ya zinki ya kuchomelea kwenye nyuso zinazofichana, chomelea mzunguko mzima upande wa juu, kisha ziba kabisa ukingo wa chini kwa sila, dawa nzito ya kuzibia viungo.

Saga weldi kwa diski ya msasa ya kurasa, ile laini, usitumie jiwe gumu la grenda. Saga kilele cha weldi tu na uache kabla hujagusa bati, maana ukilikondesha bati pembeni umetengeneza tundu la kesho. Kisha zima taa, mtu aweke tochi kali chini ya gari, nawe uangalie juu. Kila nyota unayoiona ni tundu la sindano. Tia nukta, saga, angalia tena.

Asiye na mashine

Unaweza kukata, kuandaa na kukata kiraka mwenyewe, kisha ukamwita fundi mwenye MIG aje achomelee tu. Hivi ndivyo ninavyowashauri wengi: saa nyingi za kazi hii ni za kukwangua na kupima. Akikuambia, "Bosi, tuweke tu juu kwa juu, nani ataona?", mwonyeshe kiraka kilichokwisha kupimwa. Fundi akikuta kazi imeandaliwa vizuri, kwa kawaida naye huifanya vizuri.

Gundi ya kuunganishia mabodi pamoja na rivati inashika kweli kwenye chuma kisafi, na inaweza kuziba tundu lililo katikati ya sakafu, mbali na viti na mikanda. Fibaglasi peke yake isitumike. Haishiki kwenye kutu, na bati linapotetema hubanduka ukingoni na kuanza kunyonya maji.

Rangi, siku hiyohiyo

Hewa ya pwani haisubiri. Chuma kilichong'arishwa asubuhi kinaweza kuwa na vumbi la rangi ya chungwa kesho yake. Kwa hiyo siku ya kuchomelea iwe ndiyo siku ya praima, na iwe kabla ya jioni, umande haujaanza.

Futa kwa thina na kitambaa safi, geuza kitambaa mara kwa mara. Paka praima ya epoksi mikono miwili, juu na chini. Kama huipati, praima nyekundu ya oksidi ya chuma inafaa, ila peke yake hupitisha unyevu na lazima ifunikwe kwa rangi ya juu. Praima ikikauka, tia sila ya poliyuretheni kwenye mistari yote ya weldi, pande zote mbili, uisukume kwa kidole chenye glavu iingie ndani. Silikoni ya bafuni isitumike hapa, rangi haishiki juu yake, na ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka.

Juu, paka rangi ya kawaida ya gari au ya chasi. Chini, paka kinga ya mpira au nta inayobaki laini. Lami naikataa: ikizeeka hupasuka, maji huingia nyuma yake, na hutaona kitu mpaka bati liishe. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipulizia chini ya gari, hupenya vizuri lakini hutoka na maji ya mvua, huchafua ardhi, na huvimbisha mipira. Ndani ya vizingiti na mikunjo, ambako brashi haifiki, pulizia nta ya kinga kwa mrija mwembamba kupitia matundu yaliyopo. Fanya hivyo mwisho kabisa, baada ya kazi yote ya moto kwisha, kwa kuwa nta hiyo huwaka.

Kurudisha vitu

Acha rangi ikae siku mbili tatu kabla ya kurudisha kapeti. Usibandike kapeti kwa gundi. Lilazwe tu, ili uweze kuliinua. Sponji nene inayonyonya maji chini ya kapeti itupe, tumia isiyonyonya.

Betri irudi juu ya trei ya plastiki, ikiwa imefungwa kwa mkanda wake, na kifuniko chake kikiwa juu. Kifuniko hicho usikiache. Springi za kiti cha nyuma cha Beetle zikibonyezwa na abiria mzito zinaweza kugusa vichwa vya betri, na kiti hicho kimejazwa nyuzi zinazowaka upesi. Beetle kadhaa zimeungua hivyo, na mara nyingi ni baada ya mtu kufanya kazi ya sakafu na kusahau kipande kimoja cha plastiki.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, rudisha magazeti chini ya kapeti. Yakiwa makavu, angalia tena baada ya miezi mitatu, na wakati huo pitisha kidole upande wa chini kwenye mstari wa sila. Ukikuta imeachia hata kwa urefu wa ukucha, ikate hapo, safisha, tia nyingine.